Uliza Shangazi: Nusu siku Bagamoyo, uone nini, uache nini, ule wapi

Toleo lililopita niligusia mistari miwili mitatu tu kuhusu kwenda Bagamoyo asubuhi, kula chakula cha kijijini na kurudi mchana, basi meseji zikamiminika mpaka mhariri akasema shangazi chukua ukurasa wote. Haya nimechukua. Majina nimeyaficha kama mlivoomba.

SWALI: Shikamoo shangazi. Ofisini kwetu tumechanga twende Bagamoyo jumamosi, matembezi ya nusu siku, tuko watu tisa na gari tumeshapata. Mwenzetu mmoja ndo kaandaa ratiba: tunatoka Dar saa mbili, tunaenda Misheni ya mapadri, magofu ya Kaole, Caravan Serai, Boma la Mjerumani, soko la samaki, chuo cha sanaa, tunaogelea kidogo alafu lanchi kijijini, saa nane tunageuza. Mi naona imejaa sana ila nikisema naambiwa mimi mvivu. Inawezekana kweli? Ni mimi Mvivu wa Kimara.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Mvivu ni huyo aliyeandika ratiba bila kuangalia saa. Hebu hesabuni, Bagamoyo ni kilomita kama 70 kutoka mjini, sio mbali, lakini jumamosi ukitoka saa mbili foleni ya Tegeta na Bunju inakusubiri, alafu kuna mmoja lazima atasema tusimame Mapinga ninunue maji na mwingine chaja kaisahau, mpaka mnafika ni saa nne inaelekea tano. Hapo mna masaa matatu na sehemu nane. Mtashuka, mtapiga picha, mtapanda, mtashuka tena, mtarudi na picha kibao na njaa.

Mimi nasema hivi, nusu siku ya pwani inapangwa na maji ya bahari na jiko, basi. Magofu yapo tu, yalikuwepo jana na kesho utayakuta, lakini samaki wa mnadani hamsubiri mtu na kisamvu hakiivi kwa sababu nyie mna haraka.

Tuanze na bahari maana watu wa mjini mnaisahau. Kabla hamjachagua tarehe angalieni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo siku za bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na pwani yetu hii siku hizo yanakuwa yamejaa alfajiri, saa kumi saa kumi na moja, alafu saa nne saa tano asubuhi yametoka yameenda huko mbaali unaona mchanga mtupu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana hayakupwi sana, na saa nne asubuhi ndo yanakuwa yamejaa jaa. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Hii sio elimu ya wavuvi peke yao, inakwambia asubuhi yako utaitumia wapi. Siku ya bamvua nendeni mpaka Mlingotini, kusini huko mkishapita Kaole, mtawakuta kina mama wa mwani wako nje kwenye vigingi na kamba zao maji yakiwa magotini, maana mwani unahudumiwa maji yakitoka. Siku ya maji mafu hamtaona kitu hapo, nendeni Kaole mkatulie.

Ratiba yangu mimi. Tokeni saa kumi na moja alfajiri, ndio, alfajiri, mtalala kwenye gari. Saa moja moja mko Bagamoyo na mnaanzia soko la samaki pale ufukweni jirani na jengo la forodha la zamani. Hapo ndo kuna uhai. Mashua na ngalawa zinaingia, wachukuzi wanapita na matenga kichwani, na mnada unaendeshwa kwa kasi hiyo mpaka mgeni hajui nani kashinda. Msinyanyue mikono hovyo, mtajikuta na fungu la vibua na hamkutaka. Mwachieni mwongozaji wenu au mama atakayewapikia awanunulie, changu, tasi, kolekole, chochote bahari ilichotoa siku hiyo, mnaweka kwenye ndoo na barafu. Ndo chakula chenu hicho. Kusi likivuma sana, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, wavuvi wengi hawatoki au wanatoka karibu na bei inapanda, kwa hiyo msishangae mkiambiwa leo ni dagaa.

Hapo mjini tembeeni kwa miguu kama saa na nusu hivi, mtaa wa India wenye milango ya nakshi, Boma la 1897, Caravan Serai ambako misafara ya bara ilikuwa inafikia. Mji huu ndo ulikuwa makao ya utawala wa Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar, ukijua hilo unaelewa kwanini mji mdogo namna hii una majengo makubwa vile. Na asubuhi hiyo hiyo tafuteni mama wa vitumbua, vya moto, na chai ya rangi, msifike kijijini na tumbo tupu mkaanza kumharakisha mpishi.

Saa nne muwe kijijini. Kaole iko kama kilomita 5 kusini ya mji, misikiti miwili ya mawe na makaburi, msikiti wa zamani unahesabiwa wa karne ya 13, mengine ya makaburi yana nguzo na kwenye nguzo kuna vishimo walikopachika bakuli za Kichina. Hapo mnakaa saa moja inatosha kabisa, alafu mnaingia jikoni. Jikoni ndo mkae muda mrefu. Saa saba mnakula, saa nane mnageuza.

Misheni nimeikata, najua mtalalamika. Misheni inataka asubuhi yake peke yake, na kuogelea mnaweza hata Kunduchi.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni wa Mbeya, nimehamia Dar mwaka huu, rafiki zangu wananipeleka hiyo safari ya chakula cha kijijini pwani. Ukweli samaki wa maji chumvi sijawazoea na pweza akinitazama mi nakimbia. Nitapewa nini huko na nikikataa si nitaonekana nina dharau?

SHANGAZI: Karibu pwani mdogo wangu. Pweza hatakutazama, akifika kwenye sahani keshakatwa vipande.

Ngoja nikwambie utakachokuta, maana watu wakisikia chakula cha pwani wanafikiria pilau na biriani. Hivo ni vya harusi na mjini. Kijijini kwa Wakwere na Wazaramo wa huku, siku ya kawaida mchana, ni muhogo na nazi na samaki. Muhogo unakuja kwa sura nyingi. Kuna wa kuchemsha kwa nazi, mlaini, unaweza ukala huo peke yake ukashiba. Kuna bada, ugali wa unga wa muhogo, unavutika na una rangi ya kijivu kidogo, usiutafune kama ugali wa dona, unaubonyeza, unachovya mchuzi, unameza. We mtu wa Mbeya umezoea ugali mgumu na mchele wa Kyela kwa hiyo siku ya kwanza bada itakushangaza, tonge la tatu utaelewa. Alafu kuna majani yake, kisamvu. Kisamvu hakiliwi hivi hivi, kinatwangwa kwenye kinu mpaka kinalainika na kinachemshwa muda mrefu sana, na sio kwa ajili ya ladha tu, majani ya muhogo mabichi yana sumu na hiyo sumu inatoka kwa kutwanga na kuchemsha. Ndo maana mpishi wa maana anaanza kisamvu kabla nyie hamjafika Bunju. Ukiona mtu anakwambia atakupikia kisamvu kwa nusu saa, kula mchicha.

Tui ndo ujifunze siku hiyo, we omba ukae kwenye mbuzi ukune nazi mwenyewe. Sio rahisi, utakuna na kidole, lakini kina mama watacheka na mazungumzo yataanza hapo hapo. Nazi ikishakunwa inakamuliwa mara ya kwanza na maji kidogo, hilo ndo tui zito, linawekwa pembeni. Linakamuliwa tena na maji mengi, hilo jepesi ndo linaanza kupikia, wali au mboga au samaki inaivia humo. Tui zito linaingia mwisho na hapo unakoroga bila kuacha mpaka lichemke, ukiliacha linakatika, mafuta huku maji kule na mchuzi unaharibika sura. Hamna pakiti ya dukani inayofika hapo, na nikiona sehemu ya "chakula cha asili" inayotumia tui la pakiti mimi nashukuru na kuondoka.

Samaki kwa mtu kama wewe omba chukuchuku. Anachemshwa na chumvi, ndimu, nyanya, kitunguu, pilipili nzima juu, hana mafuta wala hana harufu kali unayoiogopa, mchuzi wake unaunywa kama supu. Harufu ya samaki unayoikumbuka wewe ni ya samaki aliyesafiri.

Kuhusu kukataa, hamna anayekulazimisha, ila namna ya kukataa ipo. Usikunje uso, na usiseme "mi hii sili". Sema mama mi sijazoea, nionjeshe kidogo. Ukionja kipande kimoja umemaliza deni. Na kama una aleji, hasa ya kamba na kaa, hiyo ni kitu kingine, hiyo isemwe siku moja kabla na irudiwe pale pale jikoni, maana mwiko ni ule ule na sufuria ni ile ile.

SWALI: Shangazi hizi safari bei gani hasa? Mmoja kaniambia hivi mwingine mara tatu yake. Msomaji wa Dodoma.

SHANGAZI: Bei siandiki, nikiandika leo ikipanda mwezi ujao mtakuja kunidai mimi. Ila nitakwambia ndani ya bei kuna nini ili ukitajiwa ujue unalipia nini. Kuna usafiri, kuna mwongozaji, kuna kiingilio cha magofu, kuna mpishi na pesa yake ya soko. Ukitajiwa bei moja ya jumla uliza kila kimoja kimo au hakimo. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, beba kitambulisho, sio kwenye picha ya simu, kitambulisho chenyewe, maana nimeona watu wanabishana getini nusu saa nzima na asubuhi ndo inaisha hivo.

Kitu ambacho kinaniudhi ni fungu la mpishi. Mara nyingi kapewa kidogo kuliko wote na yeye ndo kaamka usiku. Muulize mwongozaji waziwazi, mama anapata shilingi ngapi na anapata lini. Akikwepa swali basi umeshajibiwa. Mi naona vizuri mpishi alipwe pesa ya soko siku moja kabla, kwa simu tu, asikope nazi na mchele kwa ajili ya wageni ambao wanaweza wasije. Na ukitaka iwe rahisi kabisa, panda gari pale stendi ya Makumbusho Dar mpaka stendi ya Bagamoyo, chukua bajaji, mwongozaji umkute huko huko, mtu wa huko. Mwongozaji anayetoka Dar na nyie kwenye gari moja hamjui mama yoyote wa Kaole kwa jina.

SWALI: Shangazi nina dukuduku. Tulienda na wenzangu, mwongozaji akatuonyesha mbuyu una mnyororo umemezwa na gome, akatwambia hapo ndo watumwa walifungwa mpaka mti ukakua juu yao, dada mmoja akalia kabisa. Nikarudi nyumbani nikasoma kitu tofauti. Tutajuaje ukweli?

SHANGAZI: Huo mbuyu uko Misheni, na habari ya pale yenyewe inavyosimuliwa ni kwamba huo mnyororo ni wa mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa anasaidia misheni, Madame Chevalier, miaka ya 1890 huko, alikuwa akija anamfunga punda wake. Punda. Mti ukaendelea kukua na mnyororo umebaki kipande.

Sasa sisemi utumwa haukupita Bagamoyo, ulipita, na uchungu wake ni wa kweli. Wale mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni 1868 sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwanunua watumwa na kuwakalisha kwenye kijiji chao pale. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 na biashara yenyewe haikufa siku ile, iliendelea kwa kificho. Hayo yote mwongozaji anaweza kuyasema na yanatosha kumliza mtu, hana haja ya kumuongezea punda wa watu. Na kuna upande mwingine hawausemi kabisa, kwamba maelfu ya waliokuwa wanaingia mji huu na mizigo ya pembe za ndovu walikuwa wapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi wengi wao, wanakuja kwa msimu, wanalipwa nguo na shanga, wananunua, wanacheza ngoma, wanarudi kwao. Mji ulikuwa unawalisha watu hao wote, na mimi nikila bada pale nawaza hilo kuliko mnyororo.

Ukweli wa Bagamoyo unatosha jamani. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi wa Kiskoti, uliletwa hapo Februari 1874 kutoka Chitambo, sasa ni Zambia, umebebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi na wenzao kwa miguu miezi na miezi, na jina kwenye mnara ni la aliyebebwa. Au ya Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana huko kusini mwa Sudani, ametoka huko na Stanley, mpelelezi aliyetumwa kumwokoa, wamefika pwani salama Desemba 1889, Wajerumani wakawafanyia sherehe ya kuwapongeza, yeye katikati ya sherehe akaanguka kutoka ghorofani akavunjika akalazwa. Amemaliza safari yote ile ya bara akaja kuponzwa na baraza la Bagamoyo! Hizo mwongozaji mzuri anazijua. Muulize swali dogo la jirani, sio la zamani sana, hii nyumba sasa hivi anakaa nani, huyu mzee anauza nini, akijibu kwa raha ujue ni mwenyeji na ya zamani unaweza kumsikiliza.

SWALI: Habari shangazi, sisi ni wa Nairobi. Tunashuka Mombasa na treni kwa harusi, tuko na asubuhi moja tu iko free. Hii story yako ya nusu siku inaweza kufanywa Mombasa? Tuko wanne na mtoto mmoja.

SHANGAZI: Inawezekana na karibuni sana, ila msinichukulie mimi mwenyeji wa huko, mi ni mgeni wa Mombasa anayekula vizuri. Kosa watu wa bara wanalifanya ni kutaka Fort Jesus, Mji wa Kale, Mtwapa na bichi asubuhi moja. Chagueni kisiwa au ng'ambo.

Mkichagua kisiwa, anzeni na tumbo, mahamri na mbaazi za nazi asubuhi mapema ndani ya Mji wa Kale, hiyo haina mjadala, alafu Fort Jesus kabla jua halijawa kali, ngome ya Wareno waliyoijenga 1593 mpaka 1596, UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao 2011. Kutoka hapo mnazama vichochoroni, mnatafuta kahawa chungu na halua. Viazi karai na mishkaki mnavyovisikia sana ni vya jioni, asubuhi hamvipati, kwa hiyo hivo viwekeni baada ya harusi.

Mkichagua ng'ambo, pitieni Nyali mpaka Mtwapa muone Jumba la Mtwana, magofu ya mji ulioachwa, yako pembeni kabisa ya bahari chini ya mibuyu, mtoto atakimbia anavyotaka. Alafu ndani huko vijiji vya Mijikenda wanapika sima na mboga za majani, mwombeni mwongozaji awaulizie mchunga, ni mchungu haswa lakini na samaki wa kukaanga unakaa sawa. Kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, msiingie bila mzee wa kaya na ruhusa yake hata kama mwongozaji anasema hamna shida. Pale ni mahali pa ibada.

SWALI: Je Ramadhani mtu anaweza kwenda au atakuwa anasumbua watu?

SHANGAZI: Unaweza, ila geuza siku. Asubuhi hamna, migahawa imefungwa, watu wamelala baada ya daku na mpishi wako amefunga, utamwambia aonje chumvi vipi. Nenda nusu siku ya mchana. Ondokeni Dar saa nane, mzunguke mjini alasiri jua limepoa, na saa kumi na mbili muwe mmeshakaa mkekani.

Na hapa nawaambia ukweli, mimi nikiambiwa nichague siku moja ya mwaka ya kula pwani nitachagua ya Ramadhani. Futari ya kijijini ina vitu ambavyo mwaka mzima hamvipati pamoja, magimbi ya nazi, viazi vitamu, muhogo, maharage ya nazi, tambi za sukari na iliki, kaimati, uji wa pilipili manga, na tende za kufungulia. Vinaletwa sinia kwa sinia kutoka nyumba za jirani, kila nyumba inatoa chake, unakula jikoni kwa watu watano bila kutoka kwenye mkeka. Ambaye hajafunga hakuna atakayemuuliza, lakini asile wala kunywa barabarani mchana, chupa ya maji iache kwenye gari. Na bei ya futari usibishane, hiyo sio siku yake. Beba sukari kilo mbili tatu au tende, mpe mwenye nyumba ukiingia.

Ijumaa za kawaida pia angalieni, saa sita mpaka saa nane wanaume wako msikitini, mnadani kumetulia na mwongozaji wako kama Muislamu mpe nafasi yake.

SWALI: Nikipiga picha wapishi jikoni kuna shida?

SHANGAZI: Omba kwanza. Akisema subiri nivae, subiri avae. Watoto wa watu usiwaweke mitandaoni, na msikitini Kaole ni magofu lakini makaburi yale ni makaburi, usipande juu kupata pozi.

SWALI: Assalaam alaykum shangazi. Tunaishi Muscat, mwezi wa kumi na mbili tunakuja na mama yetu, amezaliwa Bagamoyo akaondoka akiwa msichana mdogo, sasa ana miaka 70 na kitu na magoti yanamsumbua. Yeye hataki hoteli, anataka akae jikoni ale alichokuwa anakula kwa bibi yake. Watoto wetu Kiswahili wanakielewa kidogo tu. Tunaogopa atachoka. Tupange vipi?

SHANGAZI: Wa alaykum salaam, na mama mpeni shikamoo yangu. Mwezi wa kumi na mbili ni kaskazi, joto kali, sio la Muscat la mwezi wa sita lakini lina unyevu, kwa hiyo msifanye safari ya kutoka Dar na kurudi kwa mpigo. Laleni Bagamoyo siku moja kabla, nusu siku yenu ianze saa moja asubuhi mkiwa mmeamka hapo hapo. Soko la samaki msimpeleke, mchanga ule unazama na watu wanasukumana, atume watoto na mwongozaji wakamchagulie samaki, kesi ya nani kachagua samaki mbaya watakuwa nayo njiani mpaka jikoni. Mjini mzungusheni kwa bajaji polepole. Bajaji inaingia mitaa ile vizuri na akitaka kusimama mbele ya nyumba fulani inasimama, na atataka.

La muhimu kuliko yote fanyeni kabla hamjapanda ndege. Mama aongee na mpishi kwa simu, yeye mwenyewe, msimsemee. Mumpe simu aeleze anachokumbuka, kama ni mkate wa kumimina, kama ni bada na ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kama ni mabumunda, na kilipikwa vipi, maana nyumba na nyumba zinatofautiana na mpishi akisikia kwa mwenyewe atajua. Vitu vingine vinataka siku, mchele wa mkate wa kumimina unalowekwa usiku, na papa mkavu mzuri lazima atafutwe. Kama mama ana presha au sukari semeni mapema, ng'onda ana chumvi nyingi sana, analowekwa na kumwagwa maji zaidi ya mara moja, na bado ale kidogo.

Watoto wapeni kazi ya mikono, kukuna nazi, kupepeta mchele, hiyo haihitaji Kiswahili kingi. Kaole akitaka kufika muiache iwe ya mwisho na gari isogee karibu inavyoruhusiwa. Na kiti chenye mgongo mkiombe siku moja kabla, huko mikeka ndo mingi, na magoti hayo yakishakaa chini itabidi watu wawili wamnyanyue.